Baada ya Nusu Saa Kuitwa

Kile kipande cha karatasi nilikaa nacho mfukoni saa tatu na dakika kumi. Mtu asiniambie ni mbili, wala asiniambie ni nne. Mwaka ule wa sabini na moja mimi ndiye niliyekuwa mshika kitabu wa kundi lililokuwa likicheza Ukumbi wa Belvedere hapa Huddersfield, na mshika kitabu ni mtu wa kuhesabu dakika. Nakaa kwenye kona yangu kando ya jukwaa, naufuata mchezo neno kwa neno, naamuru taa iwake, kengele ilie, pazia lishuke. Na kabla ya hayo yote, ni mimi ninayepita milangoni kuwaita waigizaji.

Wito mkubwa ni ule wa nusu saa. Kwetu nusu saa huitwa dakika thelathini na tano kabla ya pazia kufunguliwa. Usiniulize kwa nini, ndivyo tulivyoikuta. Nagonga mlango, nasema, "Nusu saa, Bwana fulani," naye hujibu kutoka ndani, "Asante." Akishasema asante, mtu huyo hayupo tena duniani. Hapokei mgeni, hapokei simu, na zaidi ya yote hapokei habari mbaya. Nyumba yake ikiungua, ataambiwa mchezo ukiisha. Nimewahi kumwona mama mzima akicheza vitendo vyote vitatu vya mchezo na mwanawe yuko hospitali kavunjika mguu, na sote tunajua isipokuwa yeye.

Jumamosi ile niliita nusu saa ya onyesho la mchana saa nane kasoro dakika tano. Saa nane kamili Mzee Tordoff, bawabu wa mlango wa nyuma, akaniita kwenye simu.

"Dada yake Leni huyo," akaninong'oneza, simu kaifunika kwa kiganja. "Analia."

Nikasikiliza. Nikaandika kwa penseli: *Baba hali mbaya, hospitali. Leni aje sasa hivi. Edna.* Nikaikunja ile karatasi, nikaitia kwenye mfuko wa sweta.

Leni ndiye Leonard Hesketh, yule mliyemwona kwenye televisheni akiwa Sajenti Boyle. Miaka minne mfululizo nchi nzima ilikaa kumtazama kila Ijumaa akikamata wezi, hata akienda kununua soseji mtu humwambia, "Sajenti, baiskeli yangu imepotea." Kwangu mimi alikuwa mwanamume mwenye macho ya kijivu ambaye tungeoana tarehe nne Desemba, wiki tatu zijazo. Jukwaani aliwatazama watu mia nane. Akitoka tu, kabla hata hajavuta pumzi, macho yake yalikuwa yananitafuta mimi gizani, na yakinipata yanatulia. Nilikuwa naishi kwa tazamo lile. Mama yangu, mtu wa kanisa, hakupendezwa hata kidogo. "Mwigizaji, Noreen?" aliniambia. "Atakuigizia hata mapenzi, nawe utakaa hapo umpigie makofi."

Basi onyesho likaanza. Kulikuwa na bwana mmoja wa televisheni kutoka London, safu ya tatu, kaja kumtazama Leni kwa ajili ya mchezo mpya. Tangu Jumatatu Leni alikuwa halali. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha, ambamo Leni huangukia keki, na siku ile alicheza vizuri kuliko siku zote nilizomwona. Watu walicheka mpaka wakawa wanafuta machozi. Mimi nilikuwa naamuru taa huku karatasi inaniunguza mfukoni. Mapumziko yakafika, nikasimama mbele ya chumba chake, nikainua mkono nigonge, nikaushusha. Saa kumi na robo, katikati ya kitendo cha tatu, Mzee Tordoff akaja kwenye kona yangu kwa ncha za vidole, kavua kofia. Nikageuza karatasi, nikaandika upande wa pili neno moja tu: *Amefariki.*

Na saa kumi na moja na dakika kumi nikampa.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, rangi usoni, shati limelowa jasho, anacheka peke yake. Bwana wa London alikuwa ametoka muda huo huo.

"Kanipa kazi, Noreen! Kanishika mkono hivi, kasema, 'Jumatatu nipigie.' Mbona umesimama mlangoni kama mdai kodi? Njoo hapa!"

Nikamnyoshea karatasi. Akaisoma, bado anatabasamu. Akaigeuza.

Sijui nilitarajia nini. Labda nilitarajia ataanguka kifuani kwangu. Alikaa kitini, akaisoma tena upande wa kwanza.

"Hii uliandika saa ngapi?"

"Saa nane."

"Saa nane ya lini?"

"Leo, Leni. Nilikuwa nimeshakuita nusu saa."

"Ulikuwa umeshaniita nusu saa," akarudia polepole. "Hospitali ni basi moja kutoka hapa. Dakika ishirini. Ormerod alikuwa wapi?"

Ormerod ndiye aliyekuwa mbadala wake, kijana aliyejifunza maneno yote ya Leni endapo Leni ataugua. "Alikuwa chumbani juu."

"Akifanya nini?"

"Akijaza mafumbo ya gazeti."

"Akijaza mafumbo!" Alipiga meza kwa kiganja, makopo ya rangi yakaruka. "Mtu anayelipwa kwa ajili ya siku kama hii anajaza mafumbo, baba yangu anakata roho, na mimi niko pale mbele naangukia keki! Naangukia keki, Noreen! Na wewe unaiwashia taa!"

"Ndiyo kawaida yetu, Leni. Wewe mwenyewe..."

"Usiniambie kawaida! Mapumziko je? Dakika kumi na tano nilikaa kwenye kiti hiki nakunywa chai. Ulishindwa kugonga?"

"Nilikuja mpaka mlangoni."

"Ukarudi."

"Nikarudi."

"Kwa nini?" Akasimama, akanijia karibu, na yale macho niliyokuwa nikiishi kwayo yalinitazama kama mtu baki. "Niambie ukweli. Si kwa sababu ya nusu saa. Ni kwa sababu ya yule bwana wa safu ya tatu. Uliona London inakuponyoka. Nyumba yako nzuri na bustani yako."

Hapo na mimi hasira zikanipanda. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nakwambia kweli, nilikuwa nayo maneno tayari. Yakaniishia yote.

"Bustani yangu? Nani aliyekesha wiki nzima anatembea chumbani, 'Noreen, atakuja? Noreen, atakaa safu gani?' Nani aliyeniapisha kule Oldham, usiku wa kwanza kushikana mikono, 'Hata kama ni mwisho wa dunia, Noreen, usiniambie nikishasema asante'? Ni mama yangu aliyesema hayo?"

"Sikumaanisha baba yangu!"

"Ungetaja! Ungesema, mwisho wa dunia usiniambie, lakini baba niambie. Ningeandika kwenye kitabu!"

"Unanifanyia dhihaka leo?"

"Sikufanyii dhihaka. Nakuuliza. Tuko mji huu wiki ya sita. Nyumba ya baba yako ile pale kilimani, ukifungua dirisha la ngazi unaliona bomba la moshi. Jumapili sita, Leni! Kila Jumapili nakwambia twende, unasema umechoka, unasema una maneno ya kujifunza. Miaka kumi na moja una maneno ya kujifunza. Leo kwa dakika ishirini za basi unataka kunivika mimi deni la miaka kumi na moja?"

Nilijua nimemchoma pabaya, na sitadanganya, nilitaka kumchoma. Baba yake, mzee Walter Hesketh, alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha sufu. Alimwekea Leni nafasi pale tangu mtoto ana miaka kumi. Leni akafanya kazi miaka miwili, akatoroka na kundi la waigizaji waliokuwa wanacheza mchezo mpya kila wiki kwenye miji ya pwani, analala vyumba vya kupanga, anakula viazi na samaki. Mara ya mwisho aliporudi nyumbani, miaka kumi na moja nyuma, mzee alimwambia mbele ya wageni kwamba mwanamume anayejipaka rangi ili achekwe asikae meza moja naye. Leni akachukua kofia yake. Walikuwa wanafanana wale, shingo ngumu ile ile.

"Toka," akasema.

"Leni, nenda hospitali. Edna yuko peke yake. Nitamwambia Ormerod ajiandae."

"Niende kumwona nani? Aliyetaka kuniona hayupo." Akakaa, akaanza kujipaka rangi upya. "Nina onyesho saa moja na nusu. Nitacheza. Si ndivyo unavyopenda? Mimi nacheza, wewe unawasha taa. Na tarehe nne Desemba uisahau."

Nikavua pete. Ilikuwa inabana, ikabidi niivute, na hilo pia lilinitia hasira. Nikaiweka juu ya meza katikati ya makopo.

"Mama alikosea," nikamwambia. "Alisema utaniigizia mapenzi. Hata kuigiza umeshindwa."

Nikafunga mlango kwa kishindo ambacho jengo zima lilisikia.

Baina ya maonyesho mawili tulikuwa tunakunywa chai pamoja kila Jumamosi, mimi na yeye, kwenye sinia moja, na mkate wa nyama wa dukani ambao yeye hula ganda nami hula ndani. Jioni ile sinia lilikuja nikalirudisha. Meneja akaenda kumwambia Leni aende nyumbani, akafukuzwa. Ormerod akaenda, akafukuzwa kwa matusi. Nililia chooni dakika nne. Nikanawa uso, na saa moja kasoro dakika tano nikaanza kugonga milango.

"Nusu saa, Bwana Hesketh."

"Asante." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu anayemjibu karani.

Nilikuwa sijafika hata kwenye kona yangu Mzee Tordoff aliponishika mkono. "Njoo uone," akasema. "Dada mtu kaja."

Edna Hesketh alikuwa amekaa kwenye kijumba cha bawabu, mkoba magotini, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Sura ya Leni ile ile, bila rangi na bila mzaha. Aliponiona hakusimama.

"Wewe ndiye Noreen?"

"Ndiyo, dada. Pole sana kwa msiba."

"Usiniite dada. Mimi na wewe hatujafika huko." Akanitazama kuanzia viatu. "Nilikupigia saa nane. Nilikwambia sasa hivi. Sasa hivi kwenu ni saa ngapi?"

Ningemwambia nini? Nusu saa?

"Njoo nikupeleke kwake," nikasema.

"Sikanyagi huko ndani. Nyumba iliyomnyima baba yangu mwanawe, siikanyagi. Na Leni sitaki kumwona, nitamzaba kofi." Akafungua mkoba, akatoa leso, akaishika tu. "Nimekuja na maneno ya baba. Wewe ni hodari wa kukalia habari, bibie. Hebu tuone kama unajua na kuzifikisha."

Nikachuchumaa mbele yake, naye akaniambia. Alisema kwa hasira mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayerudisha kitu alichouziwa kibovu. Nilipomaliza kusikiliza niliinuka.

Mzee Tordoff akatazama saa ya ukutani. "Noreen, nusu saa imeshaitwa. Saa moja na dakika tano."

"Naona, Mzee Tordoff. Saa yako ni nzima."

Miaka tisa ya kazi ile sijawahi kufanya nilichokifanya. Niliingia chumba cha kuvalia namba mbili bila kugonga.

Leni alikuwa mbele ya kioo, nguo za mchezo mwilini, anafunga tai. Aliniona kiooni na uso ukamgeuka.

"Unafanya nini humu?"

"Edna yuko mlangoni. Kuna maneno."

"Nusu saa imeshaitwa!" akapiga kelele. "Umesahau kazi yako? Nimeshasema asante, Noreen! Toka!"

Tukatazamana kiooni. Nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe. Nadhani sote wawili tuliyasikia, kwa sababu mkono wake ulibaki shingoni na tai haikufungwa.

"Saa kumi na moja ulinitukana kwa kukaa kimya," nikasema. "Sasa unanitukana kwa kusema. Chagua moja, lakini utasikiliza. Baba yako alikuwa anauliza saa."

"Saa gani?"

"Saa ya ukutani. Hakukuita. Edna ndiye aliyesema uje, si yeye. Yeye alikuwa anauliza saa tu. Mara ya kwanza Edna akamwambia ni saa nane na nusu. Baba yako akasema, 'Basi keshaingia. Mwache.'"

Leni akashusha mkono.

"Baada ya muda akauliza tena. Edna akamwambia saa tisa na dakika ishirini. Akasema, 'Sasa wamepumzika. Wanauza aiskrimu.'"

"Alijuaje?" Aligeuka kwenye kiti. Sauti ilimtoka ndogo. "Saa tisa na dakika ishirini ndiyo mapumziko yetu. Haijaandikwa popote. Noreen, alijuaje?"

"Hata Edna alijiuliza. Anasema Jumatano iliyopita mzee alivaa kofia yake mpya, akaaga anakwenda kwa daktari wa meno. Akarudi magharibi, akalalamika kwamba viti vya siku hizi ni vigumu, vinaumiza mgongo. Edna akadhani ni viti vya daktari."

"Meno?" akasema Leni. "Baba hana jino hata moja. Ana meno ya bandia tangu vita."

"Edna anasema ndiyo maana hajisamehe. Yote hayo anayajua, na hakuwaza."

Jumatano iliyopita. Onyesho la mchana, mvua inanyesha, ukumbi nusu tupu. Niliwasha taa siku ile na mzee Walter Hesketh alikuwa mahali fulani katika viti vile akimtazama mwanawe anaangukia keki. Hatutajua kama alicheka. Aliporudi, Edna alimuuliza baba yake kuhusu yule daktari, naye akajibu, "Anajua kazi yake." Hilo nilikuwa nimeliacha la mwisho, nikamwambia Leni.

Rangi ilikuwa inamchirizika kwenye shavu na hakuifuta. Halafu akanitazama, si kiooni, akanitazama mimi.

"Asante," akasema.

Neno lile nalisikia mara nane kila siku ya kazi. Sijawahi kulisikia hivyo.

"Mwite Ormerod," akaendelea. "Mwambie ile keki aiangukie kwa bega la kushoto, la sivyo ataumia."

Akachukua koti lake refu, akalivaa juu ya nguo za mchezo. Sikumsaidia. Alipoinama mezani niliona mkono wake umepita kati ya makopo, na alipoinuka pete haikuwepo pale. Nikamfuata kwenye ujia hadi mlango wa nyuma. Edna alimwona na rangi yake usoni, na koti lake, na tai iliyoning'inia, na lile kofi alilokuwa ameliahidi hakulitoa. Alimshika tu ukosi, akaukunjua uliokuwa umekunjamana.

"Utaenda kumwona baba na sura hiyo?"

"Alishaiona," Leni akajibu.

Nje walikuwa wamesimama akina mama wawili wenye vitabu vya kusainiwa. "Sajenti Boyle!" mmoja akaita. Mzee Tordoff akawanyamazisha kwa jicho. Leni alikuwa ameshuka ngazi mbili aliporudi nyuma, akasimama mbele yangu, karibu, kama alivyokuwa akisimama akitoka jukwaani.

"Bado nina hasira na wewe, Noreen."

"Hata mimi nina hasira na wewe."

"Ningefika. Ungeniambia saa nane, ningefika."

"Najua. Na ungekwenda Jumapili yoyote, ungemkuta mezani."

Akauma midomo. Nilidhani atanitukana tena, na nilikuwa na langu tayari. Alitia mkono mfukoni mwa koti, akauacha humo humo.

"Kesho saa nne asubuhi tutakuwa nyumbani kwa baba," akasema. "Uje."

"Na hasira yangu hii?"

"Njoo nayo."

Edna akamvuta mkono wakaondoka, kaka na dada, kwa mwendo mmoja. Mzee Tordoff alikuwa ananionyesha saa. Nikarudi ndani kwa kukimbia, nikafuta uso kwa mkono wa sweta, nikagonga mlango namba mbili.

"Robo saa, Bwana Ormerod."

"Asante," akajibu Ormerod, anatetemeka.